Wasomaji Wanauliza: Kiungo chenye nofollow kina faida gani?

Barua nyingi za safari hii zinazunguka jambo moja, alama ndogo iitwayo nofollow, inayowekwa ndani ya msimbo wa kiungo (linki), na naona wazi kwamba imewatia watu hofu kuliko inavyostahili. Wapo walioambiwa ni sumu, wapo walioambiwa ni ngao, na wapo wanaotozwa fedha kwa ajili yake. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa wengi. Ninapotaja Google zaidi ya mitambo mingine ya kutafuta, ni kwa sababu ndiyo iliyotangaza kanuni zake waziwazi, na ndiyo mliyoiuliza.

*

*Shikamoo Mwalimu. Nina tovuti ninayofundishia hisabati za sekondari, masomo yote bure. Juzi gazeti moja kubwa liliandika kuhusu ufundishaji wa hisabati mtandaoni na likaweka linki ya tovuti yangu. Nilifurahi mno. Kijana anayenisaidia akafungua msimbo wa ukurasa ule, akakuta linki imewekewa nofollow. Anasema haina faida yoyote, Google haiioni, na niwaandikie gazeti waiondoe alama hiyo. Niwaandikie? Na kweli Google haiioni? — Mwalimu wa Hisabati*

Marahaba, mwalimu. Usiwaandikie kwa sababu hiyo. Ipo sababu nyingine inayostahili barua, nitaifikia.

Anachosema kijana wako kilikuwa karibu na ukweli zamani. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza namna ya kupima uzito wa ukurasa kwa kutazama kurasa nyingine zinazouelekeza. Njia hiyo wakaiita PageRank. Kila kiungo kilihesabiwa kama kura, ila kura zenyewe hazikuwa sawa. Ukurasa ambao nao unaelekezwa na wengi ulikuwa na sauti kubwa kuliko usiojulikana, na sauti hiyo iligawanywa kwa idadi ya viungo vinavyotoka ndani yake. Watu wakagundua upesi kwamba kiungo kinaleta nafasi ya juu, na nafasi ya juu inaleta fedha.

Wakaanza kuvitupia viungo kila penye upenyo. Miaka ya mwanzo ya 2000, ukiacha sehemu ya maoni wazi chini ya makala yako, ukiamka unakuta programu za kompyuta zimeijaza viungo vya kamari na vidonge. Huwajui waliovileta wala hukuwakubali, lakini mbele ya mtambo wa kutafuta ilionekana umewapigia kura. Ndipo Januari 2005 Google, Yahoo na MSN, kampuni zilizokuwa zikigombea watafutaji walewale, zikakubaliana juu ya alama moja. Wazo lilitoka kwa Matt Cutts wa Google na Jason Shellen wa Blogger, huduma ya blogu ya Google. Ndani ya msimbo wa kiungo unaandika rel="nofollow", na mtambo unaelewa kwamba kiungo hiki kisihesabiwe katika kumpandisha anayeelekezwa.

Alama ikatoka kwenye maoni ikaenda mbali. Wikipedia ya Kiingereza iliiweka kwenye viungo vyote vinavyotoka nje Januari 2007, na magazeti mengi nayo yanaiweka kwenye kila kiungo cha nje bila kuangalia kinakwenda kwa nani. Kwa hiyo alama uliyoikuta haisemi lolote kuhusu masomo yako. Yamkini mwandishi aliyekusifu hajui hata kwamba ipo. Mfumo wa gazeti umeibandika wenyewe.

Sasa sehemu ambayo kijana wako imempita. Tarehe 10 Septemba 2019 Google ilitangaza kwamba kwa upande wa kupanga matokeo, nofollow haitakuwa tena amri, itakuwa dokezo. Kuanzia tarehe 1 Machi 2020 ikawa dokezo pia kwa upande wa roboti zake kufuata viungo na kuingiza kurasa kwenye faharasa. Dokezo maana yake mtambo unakiona kiungo, unaiona na alama yake, kisha unaamua pamoja na mambo mengine kama ukitumie. Ingia kwenye Search Console, zana ya bure ya Google kwa wenye tovuti, ufungue ripoti ya viungo. Humo hutajwa hata viungo vyenye nofollow. Kusema Google haiioni ni kosa.

Lakini nisikupe tumaini la uongo. Google haitoi orodha ya viungo ambavyo dokezo lake limepuuzwa na vile ambavyo limeheshimiwa, na maelezo yake yenyewe yanasema viungo vyenye alama hii kwa kawaida havifuatwi. Ninavyowashauri watu siku zote ni hivi: panga mambo yako kana kwamba kiungo chenye nofollow hakikuongezei nguvu ya moja kwa moja. Ukurasa wako wa aljebra ukipanda wiki ijayo, usikimbilie kusema ni gazeti. Usipopanda, usilaumu alama.

Faida kubwa iko kwingine, na hapa naongea kwa nililoliona. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisimamia tovuti ya maelekezo ya kutengeneza cherehani. Mojawapo ya kurasa zake inaeleza kwa nini uzi wa juu hukatika: mvutano uliokazwa kupita kiasi, sindano iliyowekwa kinyume, uzi uliopita njia isiyo yake. Ukurasa huo uliwekwa kiungo kwenye jukwaa la mafundi, nacho kilikuwa na nofollow kama viungo vyote vya jukwaa lile. Wageni waliotoka hapo walikuwa wachache, lakini walikuja na cherehani iliyoharibika mbele yao. Walisoma mpaka mwisho, wakafungua kurasa za jirani, wakarudi. Baadaye walimu wa ushonaji wakaanza kuuweka ukurasa ule kwenye orodha za masomo yao, mmoja mmoja, kwa viungo vya kawaida visivyo na alama. Sikumwomba hata mmoja. Waliufahamu kupitia mafundi, na mafundi waliufahamu kupitia kiungo ambacho mtu kama kijana wako angesema hakina faida.

Hiyo ndiyo njia ya nofollow kugusa nafasi yako katika matokeo: inapita kwa watu. Msomaji wa gazeti ni mwalimu mwenzako, au mzazi, au mwandishi wa habari nyingine. Mmoja wao akiyapenda masomo, ataandika mahali pake, na kiungo chake huenda kisiwe na alama yoyote.

Barua inayostahili kuandikwa kwa gazeti ni hii: bofya kiungo chao mwenyewe, kwenye simu na kwenye kompyuta. Je, kinafungua ukurasa sahihi? Magazeti hukosea herufi moja ya anwani, na wasomaji wote wanaishia kwenye ukurasa wa kosa la 404. Kama ndivyo, waandikie leo. Na ukiwahi kuuhamisha ukurasa ule, weka maelekezo ya kudumu, ile 301, kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, maana habari ya gazeti inaweza kusomwa kwa miaka mingi na hakuna atakayekumbuka kuirekebisha.

*

*Naomba kuelekezwa jinsi ya kuandika dofollow kwenye msimbo. Nimejaribu rel="dofollow" na sioni mabadiliko. — Mwanafunzi wa Tovuti*

Hutaona, mwanangu, kwa sababu thamani hiyo haipo katika kanuni za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao. Kiungo kisicho na nofollow, wala sponsored na ugc (alama mbili ninazozieleza katika jibu linalofuata), ndicho kiungo cha kawaida, hakihitaji kupewa ruhusa. Ifute hiyo uliyoiandika. Na ukikutana na rel="noopener" au rel="noreferrer", usishtuke: hizo zinahusu usalama wa kivinjari na taarifa ya mgeni ametoka wapi, haziingii katika kura.

*

*Ndugu mhariri, naendesha tovuti ya mapitio ya kamera. Kila wiki napokea barua pepe za watu wanaotaka kunilipa niweke linki zao ndani ya makala zangu za zamani. Sharti lao ni moja: isiwe na nofollow na wasomaji wasiambiwe. Kuna kampuni nyingine hunitumia kamera, naiandikia, kisha nabaki nayo. Linki ya namna hiyo niiwekeje? Naogopa kuwaudhi. — Mpiga Picha*

Kaka, nianze na kamera, kwa kuwa hapo huna kosa, unahitaji utaratibu tu. Umepokea kitu chenye thamani na umeweka kiungo. Google inakihesabu kiungo hicho kuwa cha malipo hata kama hakuna fedha iliyopita mkononi. Ile siku ya Septemba 2019 zilitangazwa alama mbili mpya pamoja na badiliko la nofollow. Moja ni "sponsored", kwa matangazo, udhamini na makubaliano ya malipo ya namna yoyote. Nyingine ni "ugc", kwa viungo vinavyowekwa na wageni wa tovuti, kama vile kwenye maoni. Kiungo cha kampuni ya kamera kiwekee rel="sponsored". Ukiwa na makala nyingi za nyuma zilizotumia nofollow kwa kazi hiyohiyo, hulazimiki kuzibadilisha, Google ilisema bado inakubalika. Unaweza hata kuziweka mbili pamoja, rel="nofollow sponsored", kwa ajili ya mitambo isiyoifahamu alama mpya.

Halafu mwambie na msomaji, kwa maneno, mwanzoni mwa makala: kamera hii nilipewa na kampuni. Alama iliyo ndani ya msimbo inasomwa na mtambo, binadamu haioni. Binadamu ndiye anayekwenda kutoa fedha zake kwa sababu yako.

Sasa hao wa barua pepe. Kaka yangu, wanachokitaka si nafasi kwenye ukurasa wako. Wangetaka wasomaji wako wangenunua tangazo, likawekwa alama, wasomaji wakalibofya. Wao wanataka udhamini wako: uonekane umewapima na kuwakubali, wakati hujawapima. Sharti la kutowaambia wasomaji linatosha kukuonyesha hivyo. Mimi nalichukia jambo hili kwa dhati, kwa sababu kila kiungo cha aina hiyo kinamsukuma chini mtu mwingine aliyefanya kazi njema na hana fedha za kununua kura.

Na hatari yake imeandikwa wazi. Februari 2011 gazeti la New York Times lilionyesha jinsi J. C. Penney, duka kubwa la Marekani, lilivyokuwa likitokea juu kabisa katika utafutaji wa bidhaa nyingi, likisukumwa na maelfu ya viungo vilivyotawanywa kwenye tovuti zisizohusiana na bidhaa hizo. Google ililishusha. Kampuni ilisema haikuwa na habari na ikaachana na wakala wake wa utafutaji, lakini jina lililoshuka lilikuwa la kampuni. Mwaka uliofuata, tarehe 24 Aprili 2012, Google ilianzisha Penguin, utaratibu uliolenga viungo vya hila, na tangu mwaka 2016 ni sehemu ya mfumo wake mkuu, ukifanya kazi mfululizo.

Wewe unayeuza uko hatarini kama anayenunua. Google ina wakaguzi ambao ni watu, na wakikuta umeuza viungo bila alama wanaweza kukuandikia adhabu ndani ya Search Console, viungo vyote vya tovuti yako vikapoteza imani, hata vile ulivyoviweka kwa moyo safi kwa wapiga picha unaowaheshimu. Waudhi hao watu. Wajibu mara moja kwamba unauza matangazo yenye alama, kisha usiendelee na mjadala. Asilimia kubwa hawatarudi, na huo ndio ushahidi wa walichokuwa wakikitafuta.

*

*Mwalimu, nimesoma kwamba nguvu ya ukurasa hugawanywa kwa viungo vyake. Ukurasa wangu wa mwanzo una linki za kuingia kwenye akaunti, sera ya faragha, masharti na mawasiliano. Nikiziwekea nofollow hizo, si nguvu yote itakwenda kwenye kurasa za bidhaa? — Mwenye Hesabu*

Hesabu yako ni nzuri, na kuna wakati ilikuwa sahihi. Wataalamu wengi waliifanya kama kazi maalumu: wakachonga njia za PageRank ndani ya tovuti zao kama fundi anavyochonga mfereji. Kisha Juni 2009 Matt Cutts akaeleza kwamba Google ilikwisha kubadilisha hesabu zaidi ya mwaka mmoja kabla, bila kelele.

Mfano alioutoa ni rahisi. Ukurasa una pointi 10 na viungo 10, na vitano kati ya hivyo vina nofollow. Kwa hesabu ya kale, pointi zote 10 ziligawanywa kwa vile vitano vilivyobaki, kila kimoja kikapata 2. Kwa hesabu mpya, mgawanyo unafanywa kwa viungo vyote 10. Vitano visivyo na alama vinapata pointi 1 kila kimoja, na pointi 5 za vile vyenye alama zinapotea. Haziendi popote. (Katika hesabu halisi kuna makato mengine yaliyokuwemo tangu 1998, lakini hayabadilishi hoja.)

Kwa hiyo ukiiwekea sera ya faragha nofollow, kurasa za bidhaa hazipati hata tone la ziada, na sera ya faragha inakosa fungu lake. Fungu hilo lingekuwa na kazi, kwa sababu sera ya faragha nayo ina viungo vya kurudi kwenye kurasa zako nyingine. Viungo vya ndani viache wazi, vyote.

Ukitaka kurasa za bidhaa zipewe uzito, zielekeze mara nyingi zaidi kutoka mahali panaposomwa, kwa maneno yanayosema kilichomo. Kiungo kilichoandikwa "bofya hapa" hakimwambii mtambo wala mtu kitu. Punguza pia rundo la viungo vilivyorudiwa chini ya kila ukurasa. Hilo litakusaidia kuliko alama yoyote.

*

*Tuna ukurasa wa ratiba za ndani za watumishi. Tuliweka nofollow kwenye linki inayokwenda huko ili usionekane Google, na bado unaonekana. Tufanye nini? — Katibu*

Ndugu Katibu, nofollow inahusu kiungo, haiuhusu ukurasa unaoelekezwa. Mtu mwingine yeyote akiuelekeza ukurasa huo kwa kiungo cha kawaida, au ukiwa umo ndani ya ramani ya tovuti yenu, roboti itaufikia kwa njia hiyo.

Kinachoutoa ukurasa kwenye matokeo ni maagizo ya "noindex", yanayowekwa kwenye kichwa cha ukurasa wenyewe. Kuna mtego hapa unaowanasa wengi: watu huweka noindex, kisha kwa kutaka uhakika zaidi wanaufungia ukurasa kwenye robots.txt, faili linaloziambia roboti wapi zisiingie. Roboti ikizuiwa kuingia haiwezi kuyasoma maagizo yaliyo ndani, na anwani ya ukurasa inaweza kuendelea kuonekana kwenye matokeo bila maelezo. Wekeni noindex, acheni mlango wazi mpaka roboti ipite na kusoma.

Ila kama ratiba hizo zina majina na saa za watu, hata noindex haitoshi. Ziwekeni nyuma ya nywila. Anayejua anwani anaufungua ukurasa hata Google ikiwa imeusahau.

*

*Wakala tuliyemwajiri anasema wasifu wetu wa viungo "hauna uasilia" kwa kuwa viungo karibu vyote havina nofollow. Anapendekeza tununue viungo elfu kadhaa vyenye nofollow ili uwiano ukae sawa. Je, kuna uwiano unaotakiwa? — Meneja*

Hakuna uwiano uliotangazwa na Google. Mkimuuliza wakala wenu ameutoa wapi, atawaonyesha wastani wa tovuti nyingine, na wastani huo hausemi kwa nini zile zilizo juu ziko juu. Tovuti inayotajwa na watu wengi hujikuta na nofollow nyingi kwa sababu watu wanaitaja kwenye mitandao ya kijamii na majukwaa. Nofollow ilifuata umaarufu, haikuuleta. Fedha hizo zitumieni kwa mtu wa kuandika kurasa zenu upya. Na msisumbuliwe na zile pointi za "mamlaka ya tovuti" ambazo mawakala wanapenda kuzichora kwenye ripoti. Hupimwa na kampuni binafsi kama Moz na Ahrefs kwa matumizi yao, na Google haizitumii kupanga matokeo.

*

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi, naandika kuhusu afya ya macho. Kila dai ninalolitoa naliwekea linki ya chanzo: utafiti, miongozo ya Shirika la Afya Duniani, wakati mwingine daktari mwenzangu anayeandika vizuri. Rafiki alinishauri niweke programu-jalizi inayotia nofollow kwenye linki zote za nje ili nguvu ya tovuti isivuje. Nimeiweka, lakini moyo hautulii. Kuna mmoja wa hao madaktari ana tovuti ndogo, naona kama nimemdhulumu. — Muuguzi*

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya zote, na nakubaliana na moyo wako.

Tuondoe kwanza hofu ya kuvuja. Rudi juu kwenye jibu la Mwenye Hesabu: tangu hesabu ilipobadilishwa, fungu la kiungo chenye nofollow linapotea, halirudi kwako. Programu hiyo haikukuongezea chochote. Ilichofanya ni kumnyima daktari mwenye tovuti ndogo fungu ambalo wewe hukulipata. Shirika la Afya Duniani halitaumia, linaelekezwa na dunia nzima. Yeye ataumia, maana mtu kama yeye anaelekezwa na wachache, na wewe, muuguzi unayesoma kazi yake kwa jicho la kitaaluma, ni miongoni mwa wachache ambao kura yao ina maana.

Nawaza mara nyingi juu ya hili. Mitambo ya kutafuta ilifanikiwa kwa kuwa watu walielekezana kwa hiari: huyu kasema vizuri, msome. Kila mwenye tovuti akiamua kutomdhamini yeyote ili asipoteze, mtambo unabaki na ushahidi mdogo wa kazi njema, na wenye fedha wanabaki na njia nyingine za kujionyesha. Wanaofifia ni wale wanaoandika peke yao, kwa uangalifu, katika mambo ambayo mgonjwa anayahitaji saa nane za usiku.

Wala nofollow haikuundwa kwa ajili ya vyanzo unavyoviamini. Maelekezo ya Google yanaitaja kwa pale ambapo alama nyingine hazifai na hutaki tovuti yako ihusishwe na ukurasa unaouelekeza. Je, hutaki kuhusishwa na miongozo ya macho unayoifuata kazini? Hapana. Basi alama haina kazi pale.

Ifanye hivi. Izime programu, kisha futa akiba ya kurasa zilizohifadhiwa, la sivyo wageni na roboti wataendelea kupewa nakala za zamani. Fungua moja ya makala, bofya kiungo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua kukagua, uangalie kama nofollow bado imo ndani ya rel. Ikiwa imetoka kwenye kiungo na bado una shaka, tazama kichwa cha ukurasa: baadhi ya programu huandika huko agizo la robots lenye nofollow, na agizo hilo linagusa viungo vyote vya ukurasa kwa mpigo mmoja. Nalo liondoe.

Usitoe kila kitu, hata hivyo. Viungo ambavyo wageni wanaviweka chini ya makala zako viwe na "ugc". WordPress, mfumo wa kuendeshea tovuti, kuanzia toleo la 5.3 huweka "nofollow ugc" yenyewe kwenye maoni, kwa hiyo huenda huna la kufanya. Kama kuna duka la miwani linalokulipa kwa kila mnunuzi anayetoka kwako, hilo ni "sponsored", na wasomaji waambiwe. Na pale unapoelekeza kwenye tovuti inayouza matone ya uongo ili wasomaji wayatambue na kuyakwepa, hapo nofollow inakaa mahali pake hasa: unaonyesha, hudhamini.

Usitegemee tovuti ya daktari mwenzako kupanda kesho. Roboti itapita kwa wakati wake, tena kurasa zinazosomwa kwa nadra hupitiwa kwa nadra. Ukitaka iharakishwe, ziombee kurasa zako kadhaa ukaguzi mpya kupitia Search Console, ukianza na zile ulizomtaja yeye.